Lenzi ya Kupigia Picha Ndege: Pima Umbali Kabla ya Kupima Mfuko

Dada yangu alinipigia simu usiku mmoja, sauti yake ikanionyesha kuwa kuna jambo. Mwanawe ni mwalimu wa shule ya upili huko Bungoma, na tangu apelekwe bara ameshikwa na mapenzi ya kupiga picha za ndege. Sasa alitaka kuchukua mkopo wa sacco anunue lenzi ya milimita 600. Akiba aliyokuwa nayo ilikuwa ya kumalizia paa la nyumba ya mamake hapa Mombasa, na hiyo pia ingeingia humo.

"Wewe ndiye uliyemtia kamera mkononi," dada akaniambia. "Basi nenda wewe ukazungumze naye."

Nilipanda basi nikaenda. Sikwenda kumkataza, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kutapeliwa kwa jambo lilo hilo. Miaka ya nyuma nilinunua lenzi rahisi iliyoandikwa 420-800mm, nikaamini kwamba nambari kubwa ndiyo picha nzuri. Muuzaji aliniapia kuwa ningehesabu manyoya ya kunguru aliye ng'ambo ya kivuko. Nilichopata ni ukungu mtupu. Kwa hiyo safari hii nilibeba 70-300mm yangu, nikaazima 100-400mm kwa rafiki, na mpwa wangu akakodi 150-600mm kwa siku tano. Tukaingia nazo Kitale na Bungoma ili ndege wenyewe watuamulie.

Haya hapa ndiyo tuliyoyapata. Nimeyapanga ili yamfae yeyote anayefikiria kununua, awe bara au hapa kwetu Pwani.

Nambari ya lenzi inasema nini

Nambari kama 300mm, 400mm au 600mm iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi huitwa urefu wa fokasi. Si urefu wa lenzi ukiipima kwa rula. Inaeleza kiasi gani lenzi inakivuta kitu kilicho mbali. Ukitoka 300 ukaenda 600, ndege yule yule, akiwa pale pale, atatokea na kimo mara mbili ndani ya picha.

Lakini kuna njia nyingine ya kupata matokeo hayo hayo, nayo haina gharama. Ukipunguza umbali kwa nusu, 300 yako itampa ndege kimo kile ambacho 600 ingempa kutoka ulipokuwa mwanzo. Ndiyo maana swali la kwanza si "lenzi gani?" bali "ndege huyu ananiruhusu nifike wapi?"

Jambo la pili ni sensa, yaani kile kibati ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera kubwa za bei ghali zina sensa ya milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi walizo nazo vijana wetu zina sensa ndogo, takriban milimita 23 kwa 15. Wauzaji hupenda kuchukua lenzi ya 400, wakaizidisha kwa 1.5 au 1.6, kisha wakakwambia umepata 600 au 640. Hapo tahadhari. Lenzi haijarefuka hata kidogo. Sensa ndogo imekata tu kingo za picha, kama mtu anayeikata picha kwa mkasi, na ndege akabaki amejaa zaidi katika kipande kilichobakia. Kwa mpiga picha za ndege hilo ni faida, maana kingo zile hazitaki. Ila asilipie mara mbili.

Hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua urefu wa ndege kwa sentimita, zidisha kwa urefu wa fokasi, gawanya kwa umbali wa mita, kisha gawanya tena kwa 100. Unachopata ni kimo cha ndege juu ya sensa, kwa milimita.

Mfano: korongo taji mwenye kimo cha sentimita 100 amesimama mita 40 kutoka kwako, nawe una lenzi ya 300. 100 mara 300, gawanya kwa 40, gawanya kwa 100, utapata milimita 7.5. Sensa ndogo ina kimo cha milimita 15, basi korongo atajaza nusu ya picha. Hiyo ni picha nzuri.

Kipimo changu ni hiki: ndege achukue angalau thuluthi moja ya kimo cha picha. Kwa sensa ndogo hiyo ni milimita 5, kwa sensa kubwa ni milimita 8. Ikiwa kamera yako ndogo ni ya megapikseli 24, ndege wa milimita 5 atakuwa na takriban pikseli 1,280 za kimo. Zinatosha kwa simu, kwa tovuti, na kwa kuchapa ukubwa wa postikadi. Chini ya hapo utaanza kukata picha mpaka ibaki chenga chenga.

Kitale: ndege wako karibu kuliko unavyodhani

Tulianza Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, kaskazini mwa mji wa Kitale. Ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, kama kilomita tatu za mraba tu, na imehifadhiwa tangu 1974. Watu wengi huijua kwa nzohe, yule swala anayeishi majini, na kwa kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe. Gari haliingii. Unatembea kwa miguu kuzunguka kinamasi, na kuna majukwaa ya mbao ya kupanda na kutazama.

Mpwa wangu alipanda jukwaa la kwanza na ile 600, akaielekeza kileleni mwa mti. Alikuwa ameona shorobo wa Ross, yule ndege wa buluu iliyokoza mwenye mdomo wa manjano na kishungi chekundu, ambaye akiruka hufunua wekundu wa mbawa zake ukastaajabu. Ndege alikuwa kama mita 25. Kijana akahangaika. Alikuwa anatafuta ndege kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Alipompata, shorobo akaruka tawi la pili, akampoteza tena. Mimi na 300 nilikuwa nimepiga picha sita.

Hesabu inaeleza. Shorobo huyo ana takriban sentimita 50. Kwa mita 25, lenzi ya 300 inampa milimita 6, ya 400 inampa 8, na ya 600 inampa 12. Zote tatu zimevuka kipimo cha milimita 5. Tofauti ilikuwa ni nani anayemuona haraka.

Jioni tulikwenda Makumbusho ya Kitale, ambako kuna njia ya miguu inayopita ndani ya msitu wa asili. Huko kuna ndege wadogo. Mmoja ni kijindege cha buluu chenye urefu wa kama sentimita 14, hakitulii, kinapanua mkia kama upepeo. Mwingine ni zuwakulu mwenye meno mawili kwenye mdomo, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, wa sentimita 23 hivi. Zuwakulu alikuwa mita 15 juu ya mti mkavu: kwa 300 alitoa milimita 4.6, kwa 400 akatoa 6.1, kwa 600 akatoa 9.2. Hapa 300 ilianza kushindwa. Kijindege cha buluu kilikuwa mita 7 na wakati mwingine chini ya hapo, na kwa 400 kilitoa milimita 8.

Kutoka Saiwa na makumbusho tulirudi na jibu la kwanza: 300 inakaribia kutosha, 400 inatosha.

Mwanga wa msituni hauna huruma

Kuna jambo ambalo nambari ya fokasi haikwambii, nalo ni ukubwa wa tundu la lenzi. Huandikwa f/5.6, f/6.3, f/11 na kadhalika. Nambari inavyokuwa kubwa, mwanga unaoingia ni mchache.

Saiwa saa moja asubuhi kuna umande, kuna ukungu, na miti imefunga. Lenzi nyingi za 100-400 zina f/5.6 zikivutwa hadi mwisho. Zile 150-600 za Sigma na Tamron zina f/6.3. Canon walitoa mwaka 2020 lenzi ya RF 600mm iliyo nyepesi, gramu 930 tu, lakini ina f/11 na haibadiliki. Kutoka f/5.6 hadi f/11 mwanga unapungua hadi robo. Maana yake, pale ambapo 400 inakuruhusu kasi ya shata ya 1/400 ya sekunde, hiyo f/11 itakupa 1/100. Ndege anayetikisa kichwa hatangoja 1/100. Itabidi upandishe ISO, na picha ijae chenga.

Usidanganywe na kizuia mtikisiko. Kifaa hicho kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Kwa ndege aliyetua mimi hutafuta angalau 1/500, na kwa anayeruka 1/1600 au zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa telekonvata, ule mkebe mdogo unaofungwa kati ya lenzi na kamera. Ya 1.4 inaigeuza 300 kuwa 420 lakini inakunywa nusu ya mwanga. Ya 2 inakunywa robo tatu. Kwenye lenzi iliyo na f/4 inafaa. Kwenye f/6.3 ni kujitesa.

Bungoma: korongo aliyesimama

Siku ya tatu tulishuka kwa barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha Bungoma. Nchi inafunguka: mahindi, miwa, na mabonde ya majimaji katikati ya mashamba. Hapo ndipo tulipokutana na ndege aliyeniondolea ubishi wote.

Korongo taji yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka tangu 2012. Vinamasi vinakaushwa vilimwe, mayai yanachukuliwa, na makinda yanakamatwa yauzwe. Hutaga chini, ndani ya nyasi za kinamasi, kwa kawaida mayai mawili au matatu, na huyalalia kwa takriban mwezi mzima. Magharibi ya Kenya kuna watu wanaowalinda kwa bidii, kama kile kikundi cha wanakijiji wa Kipsaina, karibu na Saiwa.

Mzee mmoja mwenye shamba alituonyesha jozi iliyokuwa na kiota bondeni kwake. Akatuomba jambo moja: tusimwamshe yule mama. Tulisimama kwenye ukingo wa mahindi, kama mita 60. Mimi na 300 yangu nilipata milimita 5 kwa yule aliyesimama mlinzi, ila aliyelala kioteni alionekana kichwa na shingo tu, kijisehemu kidogo. Nikataka zaidi. Nikapiga hatua kumi mbele, kisha kumi nyingine. Yule mlinzi akanyoosha shingo. Nikapiga tano tena, na aliyelala akasimama, mayai yakabaki wazi kwenye baridi ya asubuhi.

"Mjomba, rudi nyuma tafadhali," mpwa wangu akaninong'oneza.

Nilirudi kwa aibu, na yule mzee hakunisemesha mpaka saa ile korongo aliporudi kulala, kama robo saa nzima. Mpwa wangu hakuwa amesogea hata hatua moja. Alikuwa na 100-400 mkononi, ameegemea mti, na picha yake ya mita 60 ilikuwa na kila kitu: taji la dhahabu, shavu jeupe, nyasi na umande.

Hapo nilielewa kwamba lenzi ndefu ina kazi moja ambayo hesabu za wauzaji hazitaji. Inakuwezesha kukaa mbali. Ndege akinyoosha shingo, akiacha kula, au akisimama kutoka kioteni, umevuka mpaka, hata kama picha yako bado ni ndogo. Urefu wa fokasi wa kununua ni ule utakaokupa milimita zako tano kabla ya mpaka huo.

Kwa nini basi si 600? Tulijaribu. Saa nne asubuhi jua lilipopanda, hewa juu ya shamba ilianza kutetemeka kwa joto, na picha za 600 za ndege wa mbali zikawa kama zimechorwa chini ya maji. Hakuna lenzi inayotibu hewa. Anayetaka ndege wa mbali aamke mapema, awe amemaliza kabla ya saa tatu.

Uzito na umbali wa karibu

Mambo mawili husahaulika dukani. La kwanza ni uzito. Sigma 150-600 ya daraja la kawaida ina gramu 1,930, Tamron ya pili ina zaidi ya kilo mbili, Nikon 200-500 ina kilo mbili na gramu mia tatu, Sony 200-600 ina gramu 2,115. Kwa mwenye gari si kitu. Kwa mwalimu anayesafiri kwa matatu, akamalizia kwa bodaboda, kisha atembee Saiwa nzima, ifikapo adhuhuri mkono unatetemeka na picha zinatetemeka nao. Canon RF 100-400 ya 2021 ina gramu 635, ingawa nayo ina f/8 ikivutwa mwisho, kwa hiyo msituni itakudai ISO.

La pili ni umbali mfupi kabisa ambao lenzi inaweza kushika fokasi. Canon ya kale ya 400mm f/5.6 haishiki chini ya mita 3.5. RF 600 f/11 haishiki chini ya mita 4.5. Chozi akija kwenye ua lililo mita tatu mbele yako, utamtazama tu.

Na sisi wa Pwani?

Hapa hesabu inageuka, na ndiyo maana ushauri wa mtu wa Kitale usiuchukue mzima mzima. Mida, karibu na Watamu, maji yakitoka ndege hutawanyika kwenye tope mahali ambapo huwezi kuwafuata. Yule ndege mweupe na mweusi anayekula kaa ana sentimita 40. Akiwa mita 60, lenzi ya 300 inampa milimita 2, ya 400 inampa 2.7, na ya 600 inampa 4. Hata 600 haifiki. Kwa hiyo kwa mikoko na mdomo wa Sabaki, 500 au 600 ina haki yake, pamoja na subira ya kungoja maji kujaa yawasogeze ndege karibu nawe.

Ndani ya Arabuko-Sokoke ni kama Kitale tena: miti imefunga, ndege wako karibu, mwanga ni haba. Huko 300 hadi 400 yenye tundu kubwa itakufaa kuliko 600.

Kwa muhtasari:

- Msituni na bustanini, kwa sensa ndogo: 300 hadi 400.
- Mashamba, vinamasi na ndege wenye viota: 400, usishuke chini ya hapo.
- Tope la pwani na maziwa mapana: 500 hadi 600.
- Ukiwa na sensa kubwa, ongeza nusu: aliyehitaji 400 atahitaji 600.
- Huna uhakika: chukua zumu inayofika 400. Inakuruhusu kumtafuta ndege kwa 100 kisha ukamvuta.

Ukinunua iliyotumika

Lenzi nyingi nzuri zitakufikia mkono wa pili. Angaza tochi upande mmoja, utazame upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na unyevu wetu wa Pwani huulisha vizuri. Ukishanunua, ihifadhi kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika jeli. Piga picha ya ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho na tundu likiwa wazi kabisa, kisha soma herufi za katikati. Na hakikisha inakubaliana na kamera yako. Kamera za Nikon za D3000 na D5000 na nduguze, kwa mfano, hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zitakulazimisha kuzungusha fokasi kwa mkono.

Zaidi ya yote, kodi au azima kabla hujanunua, hata kwa siku moja. Ukifika unakopiga, hesabu hatua kati yako na ndege. Fanya hivyo mara ishirini, uandike. Daftari hilo litakwambia ukweli kuliko muuzaji yeyote, mimi nikiwemo.

Mpwa wangu aliandika. Katika ndege 43 wa siku tano zile, 600 ilihitajika kwa sita. Alirudisha lenzi ya kukodi, fomu ya sacco ikabaki mezani bila kutiwa saini, na miezi miwili baadaye akanunua 100-400 iliyotumika kwa fedha taslimu. Mabati ya dada yalichelewa mwezi mmoja, akalalamika kidogo, kisha yakapanda.

Wiki iliyopita kijana alinitumia picha. Makorongo wawili na kinda mmoja wa rangi ya kahawia, wanatembea katika bonde la yule mzee. Nilimuuliza alikuwa umbali gani. Akajibu: "Palepale kwenye mahindi, Mjomba. Sikuongeza hata hatua."